Njia ya Miguu ya Kwenda Maposeni

Siku lori la makaa ya mawe liliponisukumia mtaroni, kaka yangu mkubwa alifika hospitali kabla hata sijapigwa picha ya mfupa. Alisimama mlangoni ameshika kofia, akanitazama kuanzia bega hadi suruali iliyojaa tope, akasema neno moja tu.

"Umeridhika?"

Sikumjibu. Mtulinga, mfupa wa juu ya kifua hadi begani, ulikuwa umevunjika na kila nilipovuta pumzi niliona nyota. Halafu kaka yangu ni mtu ambaye ukimjibu nusu, umeshashindwa. Ila moyoni nilimjibu. Nilisema: bado.

Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Ni karani wa masjala katika ofisi moja hapa mjini Songea. Kazi yangu ni ya kukaa: mafaili yanaingia, mafaili yanatoka, mimi nipo palepale. Mume wangu alifariki miaka sita kabla ya hapo, na watoto wetu wawili walikuwa masomoni, mmoja Mbeya, mwingine Dodoma. Mwaka ule daktari alinipima presha mara tatu, akanuna mara tatu, akaniambia nitafute mazoezi. Wenzangu ofisini wakadhani nitaanza kutembea jioni na chupa ya maji mkononi, kama wanavyofanya wao. Mimi nikaenda kwenye mitumba nikanunua baiskeli.

Haikuwa ile baiskeli nyeusi ya chuma ambayo kila mkulima wa huku anaijua, inayobeba gunia la mahindi na mke juu ya gunia. Hii ilikuwa ya gia, tairi pana zenye meno, shokapu mbele. Fundi aliyenikazia breki aliigeuzageuza kama mtu anayekagua ng'ombe wa mwenzake, akasema, "Mama, hii imetengenezwa kwa ajili ya milima. Ukiipeleka kwenye lami unaionea."

Nilicheka. Nilikuwa sijapanda baiskeli tangu nikiwa binti, enzi nilipokuwa nikiiba ya baba mchana akilala, napitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu kiti kilikuwa juu mno. Nilidhani nimesahau. Mwili haukuwa umesahau. Kwa miezi minne nilikuwa nikienda barabara ya Peramiho kila Jumamosi asubuhi, nageuza, narudi, jasho linanitoka hadi kwenye viatu. Watu walinitazama. Wanakwaya wenzangu waliniuliza kwa upole kama suruali ile ilikuwa ya lazima. Niliwajibu kwamba nimejaribu na kanga, ikaingia kwenye cheni.

Kisha likaja lori.

Nilikaa nyumbani wiki sita mkono umefungwa kifuani. Niliporuhusiwa kuufungua nilikwenda stoo, nikakuta baiskeli haipo. Kaka alikuwa ameichukua.

Nilikwenda kwake siku hiyohiyo. Nilimkuta amekaa barazani, anapukuchua mahindi na mkewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanionyesha kigoda. Sikukaa.

"Kaka, nimefuata baiskeli yangu."

"Nimeihifadhi."

"Nashukuru. Sasa naihitaji."

Aliendelea kupukuchua. "Wewe ni mjane. Una watoto wanakutegemea. Barabara ile ina malori, ina mabasi, ina wenyewe. Ukifa mle mtaroni nitawaambia nini watoto wa marehemu? Kwamba mama yenu alikuwa anacheza?"

Neno "anacheza" lilinichoma kuliko mfupa. Kwa sababu ni kweli, nilikuwa nacheza. Nilifanya kazi tangu nina miaka kumi na tisa, nikamuuguza mume, nikamzika, nikasomesha. Hakuna siku mtu aliniuliza kama ninacheza.

"Barabara ina wenyewe," nilisema. "Sawa. Nitatafuta isiyo na wenyewe."

Wifi yangu aliinuka bila kusema kitu, akaingia ndani, akarudi anaisukuma baiskeli kwa mkono mmoja. Aliniachia. Kaka hakumtazama yeye wala mimi. Niliondoka naisukuma, bega linaniuma, sijui hiyo njia isiyo na wenyewe iko wapi.

Niliitafuta karibu mwaka mzima. Niliwauliza bodaboda wa kijiweni, wakaniambia njia zote nzuri zimeshawekwa lami, zilizobaki ni za mbuzi. Ramani ya kwenye simu ilinionyesha rangi ya kijani tupu, kana kwamba kati ya barabara moja na nyingine hakuishi mtu. Nilipanda mlima Matogoro kwa njia ya wachoma mkaa, ikanitesa, kwa sababu njia ya mkaa ina mfereji katikati uliochimbwa na tairi za mizigo na mvua. Unaendesha ukiwa ndani ya kaburi refu. Nilijaribu kilima cha Chandamali, nikakutana na mawe ambayo yalinirudisha kwa miguu. Nilifuata njia ya ng'ombe hadi kwenye tope linalofika kwenye ekseli. Nilianguka kila wiki. Ofisini nilikuwa nikifika na michubuko, na mhudumu wetu, mama mtu mzima, akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepata mwanaume anayenipiga.

"Ni mlima," nilimwambia.

Hakuniamini.

Lakini kila nilipoanguka nilijifunza. Nilianza kuona kwamba njia ina tabia kulingana na aliyeitengeneza. Bodaboda anakata moja kwa moja, mvua ikija inashuka kwenye alama yake na kuichimba. Ng'ombe wanatoboa. Siku moja nyuma ya mtaa wa mwisho wa mji nikaingia kwenye kijia chembamba kinachotoka kisimani, na ghafla baiskeli ikawa kama inajiendesha. Hakikupanda sana, hakikushuka sana. Kila kona ilikuwa ya duara, kila mzizi umezungukwa, udongo mwekundu umekandamizwa ukawa mgumu kama sakafu ya kupigwa. Nilifika mwisho nikageuka nikarudia, halafu nikarudia tena. Mara ya tatu nilikutana na wanawake wawili wanapandisha, ndoo vichwani, hawashiki kwa mkono. Nikaelewa. Mtu mwenye ndoo kichwani hakubali mwinuko wa ghafla, wala kona kali. Maji yatamwagika. Kijia kile kilikuwa kimepimwa kwa shingo za wanawake kwa miaka mingi.

Toka siku hiyo niliacha kuwauliza wanaume.

Sokoni kuna mama mmoja ninayenunua kwake mboga na, msimu ukifika, matunda ya masuku. Ni mtu wa kijiji cha Maposeni, amevuka sitini, mkali wa maneno; ukiminya nyanya zake anakuuliza kama ni mkono wa mumeo unaouminya. Nilimuuliza alikuwa anafikaje mjini zamani, kabla ya magari kuwa mengi.

"Kwa haya," akajipiga kwenye paja. "Tunatoka alfajiri na mzigo, saa nne tuko hapa. Hatukupita barabarani. Barabara inazunguka kama mlevi. Tulikuwa na njia yetu."

"Bado ipo?"

"Njia itakwenda wapi?" Alinitazama, akaitazama baiskeli niliyoiegemeza kwenye meza yake. "Unataka kupita na hiyo?"

"Nataka."

Nilitegemea acheke. Alichukua kipande cha boksi akaanza kunieleza: uanzie wapi, kijito cha kwanza, kijito cha pili ambacho kina mawe waliyoyapanga wenyewe, mteremko mrefu wenye miombo, mwamba wa kutua mizigo. Mimi niliandika kwenye boksi kwa kalamu, yeye alisahihisha. Wateja wawili walisubiri. Mmoja alipolalamika, mama akamwambia, "Subiri, nafundisha."

Jumamosi mbili za kwanza nilipotea. Ya tatu niliipata. Siwezi kueleza vizuri nilichokisikia nilipofika kwenye kijito cha pili nikayaona yale mawe, saba, yamepangwa kwa hatua ya mtu mwenye mzigo, maji yanapita katikati. Nilibeba baiskeli begani, lile bega lililopona, nikavuka. Ng'ambo njia ikaingia msituni, ikateremka polepole chini ya miombo, majani makavu yanalia chini ya tairi. Nilipiga kelele peke yangu. Mwanamke wa miaka arobaini na nane, karani wa masjala, napiga kelele porini.

Halafu njia ikaisha.

Haikufifia. Ilikatwa. Mbele yangu kulikuwa na matuta ya mahindi yaliyolimwa kukatisha njia, na mwanzoni mwa shamba yamerundikwa matawi ya miiba. Ng'ambo ya shamba, mbali kidogo, niliona njia ikiendelea kama kawaida, nyekundu, inapanda kwenda kwenye nyumba. Nilitoa simu nikapiga picha, ili nikamwonyeshe mama wa sokoni. Nikaanza kuzunguka pembezoni mwa shamba, baiskeli begani.

"Wewe! Unapima nini?"

Alikuwa mwanaume wa umri wangu, jembe mkononi, kofia ya mfuko wa mbolea kichwani. Nilimsalimia. Hakuitikia.

"Sipimi kitu, kaka. Napita."

"Nimekuona na simu. Mnakuja na simu, mnapiga picha, baada ya mwezi tunaambiwa hapa si penu."

Niliielewa hofu yake. Sisi tunaokaa na mafaili tunajua picha moja inaweza kuzaa nini. Nilimwambia ninaendesha baiskeli tu, natafuta njia ya miguu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuona nadanganya. Alinipeleka kwa mtendaji wa kijiji, yeye mbele, mimi nyuma nasukuma baiskeli. Kijiji hicho sitakitaja.

Mtendaji alikuwa kijana, mpole, ana shati lililopigwa pasi vizuri. Alifungua daftari.

"Unatoka ofisi gani, mama?"

"Leo Jumamosi. Natoka nyumbani."

"Umekuja kwa nani?"

"Sikuja kwa mtu."

Aliweka kalamu chini. "Mama, mtu mzima anaendeshaje baiskeli kutoka mjini mpaka huku bila kwenda kwa mtu?"

"Kwa gia ya pili mara nyingi," nilisema. "Kwenye miinuko, ya kwanza."

Mkulima aliguna. Mtendaji hakucheka, lakini nilimwona akijizuia. Alinisogezea karatasi akaniambia yaishe: niandike kwamba niliingia shambani kwa mtu bila ruhusa, na kwamba sitarudi kupita huku. Nitie sahihi, niende salama.

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na kiu. Ningeweza kuandika nikaondoka, na hakuna mtu mjini angejua. Lakini nimeishi na karatasi miaka ishirini na minane. Najua karatasi ikishaingia kwenye faili haitoki. Ningekuwa nimekubali kwa mkono wangu mwenyewe kwamba pale hapakuwa na njia.

Nikachukua kalamu. Nikaandika tarehe, jina langu, na maneno haya: *Leo nimepita njia ya miguu iendayo Maposeni. Nimeikuta imelimwa na kuwekwa miiba. Nimezunguka pembezoni bila kuharibu mazao.* Nikatia sahihi, nikamrudishia.

"Naomba ugonge muhuri wa kupokelewa," nikasema. "Na nakala yangu."

Mtendaji aliisoma mara mbili. Mkulima akauliza imeandikwa nini, akasomewa, akasimama. "Huyu ndiye niliyekwambia! Anatafuta kesi!"

"Sitafuti kesi. Natafuta njia. Wewe ndiye uliyenileta hapa."

Palikuwa na wanawake wawili nje ya dirisha, wamekaa na watoto wakisubiri huduma yao. Mmoja wao alisema kwa sauti, bila kumwangalia mtu, "Anasema kweli. Njia ilikuwepo." Mtendaji alimtazama dirishani, kisha akachukua muhuri, akagonga. Alisema Jumamosi ijayo tutakwenda kuangalia wote, na kama nina shahidi nije naye.

Mama wa sokoni nilipomweleza hakuhoji chochote. Aliniuliza saa ngapi tu. Siku yenyewe alikuja na bodaboda hadi kijijini, amevaa kitenge kipya, akashuka, akavua kandambili, akazishika mkononi.

"Viatu vinanipoteza," alisema.

Alitangulia. Nyuma yake mtendaji, mwenyekiti wa kitongoji, mkulima, mimi na baiskeli yangu, na nyuma yetu wanawake wa kitongoji ambao hakuna aliyewaita. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye ile miiba, akaisukuma kwa mguu mtupu, akaingia kati ya matuta. Hakutafuta. Alikwenda hatua kadhaa akasimama, akainama, akafukua udongo kwa mkono. Ulitokea mwamba bapa, juu yake kuna mashimo mawili ya duara, laini.

"Hapa tulitua mizigo," alisema. "Vyungu ndivyo vilivyochimba haya. Mama yangu alitua hapa. Na mama yako pia," akamwambia mkulima. "Namjua mama yako. Alikuwa anaimba vibaya."

Watu walicheka, hata mwenyekiti. Mkulima hakucheka. Alisema hayo ni ya zamani, sasa kuna barabara, kila mtu atumie barabara, na yeye ana watoto wa kulisha. Shamba ni dogo. Aliyasema kwa uchungu, na mimi, nasema ukweli, nilimwonea huruma. Niliona jinsi matuta yalivyobanwa hadi ukingoni mwa bonde.

Mwenyekiti alianza kusema kwamba huenda pande zote mbili zikae chini, zizungumze. Ndipo mwanamke mmoja akatoka kwenye kundi, ana mtoto mgongoni. Sikumjua. Alikuwa mke wa yule mkulima.

"Mimi nitasema," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Masika nilipata uchungu. Zahanati iko pale, ukipita hapa unafika mara moja. Tulizunguka na barabara kwa sababu ya miiba. Huyu nilimzaa njiani, mvua inanyesha, wifi yangu amenikingia kanga. Sikusema kwa sababu ni shamba letu."

Mtoto alikuwa amelala, kinywa wazi. Mkulima alimtazama mkewe kama mtu aliyeguswa begani na mtu asiyemtarajia, kisha akatazama chini kwenye ule mwamba. Baadaye, watu wengine walipokuwa bado wanasubiri mtendaji atoe uamuzi, yeye alikwenda pembeni, akainama, akaanza kuiburuta ile miiba. Aliikokota yote peke yake hadi ng'ambo. Hakuomba msaada, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Mtendaji aliandika kwamba iachwe njia ya upana wa hatua mbili. Mkulima ameacha hatua moja. Wanawake wanasema hatua moja inawatosha. Mimi ninasema inanitosha, mradi nisiyumbe.

Kaka alizisikia habari hizi kanisani, zikiwa zimeshaongezwa chumvi: kwamba nimekamatwa, kwamba nimepigana na mtu shambani. Alikuja nyumbani Jumapili ileile baada ya misa. Nilimpikia. Alikula ugali wake, akanawa, akasema, "Yaani umegombana na watu wasiokujua kwa ajili ya mchezo."

"Ndiyo," nilisema.

Alisubiri niongeze neno. Sikuongeza. Zamani ningesema ni kwa ajili ya presha, au kwa ajili ya wale wanawake, ili nionekane nina sababu ya heshima. Wanawake wale waliitetea njia yao wenyewe. Mimi nilikuta tu imefungwa na sikukubali kugeuka. Niliitaka kwa sababu ni nzuri na kwa sababu ninaipenda. Kaka alivaa kofia yake akaenda. Mpaka leo hajakubali, nami sijamwomba akubali. Tunasalimiana vizuri.

Mwezi wa sita, ardhi ilipokauka, niliiendesha yote kwa mara ya kwanza bila kushuka isipokuwa kwenye vijito. Kwenye cha kwanza niliteleza nikakaa ndani ya maji hadi kiunoni. Nilipanda tena nikiwa nimelowa, nikapita miomboni, nikapita kwenye mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mabua pande zote mbili yananipiga magoti. Nilifika Maposeni saa nne kasoro. Nilikaa kwenye kivuli cha duka nikanywa togwa kwenye kikombe cha plastiki, na wazee wawili wakajadili waziwazi mbele yangu kama nina akili timamu. Walikubaliana kwamba sina. Niliwaamkia, nikaomba kikombe cha pili.

Sasa natazama upande wa Namtumbo. Wenyeji wa huko wanasema hakuna njia ya kupita kwa baiskeli, ni mashamba ya tumbaku na mahindi tu mpaka unachoka. Nimeshapakia baiskeli kwenye basi mara mbili. Mara ya kwanza sikupata kitu. Mara ya pili, nyuma ya mabani ya kukaushia tumbaku, nilimkuta dada mmoja anatoka kisimani na ndoo kichwani, nikamwuliza anapita wapi.